Ng'ombe wa Parsimei, Samadi ya Nashilu

Mtu akimfuata Nashilu njiani kwa mara ya kwanza, jambo atakaloliona kabla ya mengine yote ni kwamba mama huyu hatazami mbele. Mgongo umenyooka kama wa msichana, mzigo kichwani hautikisiki, lakini macho yako chini, yanafagia njia kulia na kushoto. Mgeni anaweza kudhani amedondosha kitu. Anaweza hata kuanza kumsaidia kutafuta, kama alivyofanya kijana mmoja wa mjini aliyepandisha naye kutoka barabara ya Kisongo, mpaka Nashilu akamuuliza, "Na wewe umepoteza nini, mwanangu?"

Hajapoteza kitu. Ni mazoea ya tangu alipokuwa binti. Kijiti cha unene wa kidole, gamba la mti, kigunzi cha hindi kilichoanguka kutoka kwenye gari la mtu, vyote aliviokota na kuvibana kwapani, na akifika nyumbani vinakuwa kuni za chai. Wanawake wote wa kitongoji chao walitembea hivyo, huko juu ya Kisongo ambako mteremko wa mlima Meru wa upande wa magharibi unakauka na kupasuka makorongo. Siku hizi Nashilu haokoti vijiti. Akiona samadi mbichi ya ng'ombe katikati ya njia anasimama, anageuka kutazama kama kuna pikipiki inayokuja, anachomoa kiroba kwenye khanga yake na kuizoa.

"Yeyo, ipo siku utazoa na ya mbwa," humtania Naisiae, mke wa mwanawe Lucky, akimwita mama kwa Kimaa.

"Ya mbwa haina majani," Nashilu hujibu, na kuendelea na safari.

Habari ya samadi ilianzia kwenye kuni. Zamani wanawake walipanda mpaka ukingoni mwa msitu, wakarudi na mizigo iliyoning'inia mgongoni kwa kamba ya ngozi iliyopita utosini. Nashilu bado ana alama ya kamba hiyo, njia nyembamba isiyoota nywele, iliyokatiza kichwa chake kutoka sikio hadi sikio. Kisha msitu ukawekewa ulinzi mkali, na haikuwa bila sababu. Visima vya chini vilikuwa vinakauka. Korongo ambalo mbuzi walikuwa wakiliruka lilikuwa limepanuka kiasi cha kumeza nyumba. Kila kiongozi aliyekuja kuhutubia alinyoosha kidole kuelekea mlimani, na Nashilu hakubishana nao, maana kijito alichokuwa akioga utotoni kilikuwa kimebaki mawe matupu. Ila siku mgambo alipomnyang'anya panga na kumwambia kwamba lazima msitu upone, alimuuliza swali moja.

"Upone, ndiyo. Sisi tupikie nini wakati unapona?"

Mgambo alikuwa kijana wa watu tu. Alilitazama lile panga mkononi mwake kama vile jibu limeandikwa kwenye ubapa wake.

Redioni jibu lilikuwepo, nalo lilirudiwa kila siku baada ya taarifa ya habari. Watu watumie nishati safi ya kupikia. Nashilu aliisikiliza redio hiyo akiwa amepiga magoti mbele ya mafiga, akipuliza mabua ya mahindi, machozi yakimtiririka kwa moshi. Mtungi wa gesi aliwahi kuletewa na Lucky kutoka mjini. Uliisha upesi, na kuujaza tena kukawa mtihani, basi tangu hapo ulikaa kando ya kitanda ukiwekewa taa juu yake. Nashilu hakuwa akijililia yeye. Kifua chake alikuwa amekizoea, kila asubuhi kilikohoa kwanza ndipo kikamruhusu asalimie watu. Lakini alikuwa ameleta msichana wa watu ndani ya boma lake, na kila alipomsuka Naisiae alivigusa vile vishungi vya nywele nyeusi, nene, zisizo na njia ya kamba katikati yake, na akajiambia kwamba vitabaki hivyo.

Ndipo Aristides alipokuja. Ni kijana wa mtaa wa Kimandolu mjini Arusha, mtoto wa wafanyabiashara wa Kichaga, fundi wa shirika moja la mjini. Alikuja na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na nyuma yake ulikunjwa mfuko mkubwa mweusi wa plastiki nzito, mrefu kama ng'ombe wawili walioshikana mkia. Mbele ya mkutano wa kitongoji alieleza kwa utaratibu. Unachimba handaki, unaulaza mfuko ndani yake, unaulisha samadi mbichi na maji kila asubuhi. Samadi inachacha humo ndani bila hewa, gesi inapanda juu, inapita kwenye bomba mpaka jikoni. Inayobaki inatoka upande wa pili kama uji, nayo ni mbolea. Shirika lilikuwa na mfuko mmoja tu kwa kila kitongoji, wa mfano. Moto ukiwaka, mingine ingefuata. Usipowaka, mfuko ungekunjwa na kupelekwa ng'ambo ya korongo, ambako nako waliuomba.

Wanaume walicheka sana. Mmoja alisema yeye chai iliyopikwa kwa mavi atamwachia mchungaji. Kisha mwingine akauliza, "Huo uji unaotoka, mtu anaweza kuuza?"

"Anaweza," alisema Aristides. "Wakulima wa nyanya wanautafuta."

Kicheko kikakatika.

"Basi tuelewane mapema," alisema Parsimei, akiegemea fimbo yake. Huyu ndiye mume wa Nashilu, mzee mrefu wa maneno machache, na ng'ombe wake waliolala kitongojini mwaka mzima ndio waliokuwa wengi kuliko wa mtu mwingine yeyote. "Ng'ombe ni wangu. Kinachoingia mdomoni nakitafuta mimi. Kinachotoka nyuma kitakuwaje cha mtu mwingine?"

Kwa desturi yao Waarusha hawa, ng'ombe ni wa mwanamume na maziwa ni ya mwanamke. Juu ya samadi hakuna aliyewahi kusema lolote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuigombea. Wanawake ndio waliofagia zizi, ndio waliokandika nyumba kwa samadi hiyo kwa mikono yao na kuikandika upya kila mvua ilipoibomoa. Mwanamume akikanyaga samadi, alifuta kiatu kwenye nyasi akaenda zake. Redio nayo, pamoja na kusema kwake kote juu ya nishati, haikuwahi kugusia kitu hiki ambacho sasa kilikuwa kimewakalisha watu kimya kwenye mabenchi.

Nashilu alisimama. "Baba Lucky, tangu unioe sijakuona umeshika hata ndoo moja ya mavi. Leo yamekuwa matamu?"

Wanawake walicheka mpaka mwenyekiti wa kitongoji, mzee Abdiel, akagonga meza. Mzee Abdiel ni mwinjilisti pia, amezoea kukaa katikati ya watu wanaovutana, na tena nyumbani kwake alikuwa na mke aliyekuwa anamtazama kutoka benchi la pili. Alifikiri kidogo, akasafisha koo.

"Mfuko utakaa kwa Parsimei kwa sababu ng'ombe wako pale. Utatunzwa na akina mama kwa sababu ndio wanaojua kushika ndoo. Jumamosi kabla ya Pentekoste tutakutana uani kwake. Moto ukiwaka, tunapitisha kwamba samadi ya kitongoji hiki ni ya wanawake, na mifuko mingine tunaiomba kwa majina yao. Usipowaka, huyu kijana atakunja mfuko wake."

"Na samadi itarudi kwangu," alisema Parsimei.

"Itarudi chini ilipokuwa," alisema mwenyekiti.

Kazi ilianza wakati wa Kwaresima, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha ardhi. Wanawake walikuja kila alfajiri na ndoo zao. Punda walileta maji. Naisiae aliingiza mikono mpaka viwikoni, akachambua majani makavu na mawe, akakoroga mpaka mchanganyiko ukawa laini kama uji wa mgonjwa. Ndege ndogo zilizoruka kutoka Kisongo zikiwapeleka watalii mbugani zilipita juu yao, na mwanamke mmoja akasema wazungu huko juu watakuwa wanapiga picha, wakidhani wameona kiboko amefia kwenye shamba la mahindi. Walicheka, wakajaza. Mfuko ulimeza kila kitu walichoupa.

Haukurudisha kitu. Pasaka ilipita. Mfuko ulibaki umelegea handakini kama tumbo la ng'ombe wa kiangazi. Aristides alikuja, akachovya kikaratasi kwenye tope, kikabadilika rangi, na uso wake ukakunjamana.

"Mmeweka sabuni?"

"Hatukuweka."

"Maji ya chumvi? Dawa yoyote?"

Wanawake walitazamana. "Dawa ya nini, mwanangu?" aliuliza Nashilu. "Hapa hatuna mgonjwa." Naye alisema kweli, kwa kadiri alivyojua.

Aristides akasema labda ni baridi, maana upepo wa mlimani ulikuwa umeanza kushuka. Wakaufunika mfuko kwa mabua na majani makavu kama mtoto mchanga. Haukushtuka. Wanaume waliopita njiani walipata burudani. "Takwenya," walisalimia kwa adabu zote, na wanawake walipoitikia "Iko", swali lilifuata, "Chai bado?" Jirani mmoja aliwashauri wauombee. Mwingine alisema pengine ni mfuko dume.

Parsimei peke yake hakutania. Jioni, baada ya kuhesabu ng'ombe wake, alisimama kando ya handaki, akaugusa mfuko kwa ncha ya fimbo, akatikisa kichwa, akaondoka. Nashilu alimwona kutoka mlangoni. Hakujua kama mume wake anafurahi au anasikitika, na baada ya miaka yote hiyo ya ndoa jambo hilo lilimuudhi kuliko utani wa wale wengine.

Wiki chache zilikuwa zimebaki kabla ya mkutano pale kibuyu cha maziwa kilipogoma. Nashilu alikifungua asubuhi akitegemea mtindi mzito, akakuta maziwa yamekaa vilevile, mepesi, yana harufu ya nguo iliyoloweshwa ikasahauliwa. Akafungua cha pili. Hivyo hivyo. Kwao kibuyu husafishwa kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, na bibi arusi hupimwa kwa kazi hiyo kuliko kwa nyingine yoyote.

"Naisiae, hivi vibuyu ulivisafisha?"

"Nilivisafisha, Yeyo."

"Kwa kijinga, au ulipitisha maji tu kwa sababu ya haraka za mfuko?"

Naisiae aliinama, akaanza kukusanya vyombo, na Nashilu aliona chozi likidondoka kwenye sufuria. Alijuta hapohapo. Akakiweka kibuyu puani, akavuta pumzi. Harufu ya moshi wa oloirien ilikuwa humo ndani, safi kabisa. Basi akachukua cha tatu, akakisafisha kwa mikono yake mwenyewe, akatia maziwa ya asubuhi ile, akasubiri. Nayo yaligoma.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Naisiae. "Si vibuyu. Ni maziwa."

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kando ya mfuko, akafikiri. Katika boma moja, vitu viwili vilivyotakiwa kuchacha vilikuwa vimekataa. Akakumbuka ng'ombe wao mmoja wa zamani, aliyevimba kiwele akapigwa sindano, na jinsi maziwa yake yalivyokaa kwenye kibuyu siku nzima bila kuganda. Akasimama, akaenda zizini. Parsimei alikuwa anachunguza masikio ya ndama.

"Baba Lucky, ng'ombe waliumwa?"

"Hawakuumwa."

"Hukuwapiga sindano?"

"Niliwapiga. Ndiyo maana hawakuumwa."

"Lini?"

"Mvua zilipoanza, wote wasio na maziwa. Wiki hii nikarudia, na wa maziwa nikawapa kidogo tu." Alimwachia ndama sikio. "Kupe wamezidi mwaka huu. Ndigana ikiingia humu, hiyo gesi yako itatoka wapi? Kwa kuku?"

"Hukuniambia."

"Tangu lini nakuambia mambo ya sindano?"

Kweli hakuna siku Parsimei aliyomwambia Nashilu, na yeye hakuna siku aliyomuuliza. Sindano zilikaa kwenye mkoba wa wanaume, zikapigwa alfajiri wakati wanawake wanawasha moto, na samadi iliyoanguka baada ya hapo ilizolewa na watu ambao hawakuwepo.

"Nadhani umeuua mfuko," alisema mwishowe, kwa sauti ya kawaida.

Parsimei alitazama handaki, akatazama ng'ombe wake, akatazama tena handaki. "Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa naulinda."

Mtandao ulipatikana juu ya jiwe kubwa nyuma ya boma. Nashilu alipanda, akampigia Aristides.

"Mwanangu, sindano ya ng'ombe inaweza kuzuia gesi?"

"Inaweza, mama," alisema Aristides. "Kinachochachusha samadi ni vijidudu vidogo visivyoonekana. Ile dawa ya ndigana haichagui, inaua na hao. Lakini mama, mimi si niliuliza kuhusu dawa?"

"Uliwauliza wanawake. Sindano ziko kwa wanaume."

Alimsikia kijana akicheka peke yake kule Kimandolu, cheko la mtu anayejigonga paji la uso. "Basi kuanzia sasa nitauliza pande zote mbili."

Dawa ya kuponya mfuko ilikuwepo, ila ilitaka haraka. Tope lote litolewe, mfuko usuuzwe, ujazwe samadi ya ng'ombe ambao hawajapigwa sindano, kisha utiwe chachu kutoka kwenye mtambo unaofanya kazi vizuri, kama mtu anavyotia mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo. Aristides alimjua mama mmoja wa Nkoaranga, upande wa pili wa mlima, aitwaye Evaresta. Kuhusu samadi, wanawake walizunguka boma kwa boma wakiomba, na safari hii waliuliza kwanza. Kuhusu ng'ombe wa nyumbani, Nashilu na Parsimei walikaa jioni moja wakapatana. Ng'ombe wataogeshwa dawa ya kuua kupe, mbali na zizi. Sindano itapigwa kwa ng'ombe anayeumwa tu, naye atafungwa kitambaa chekundu mkiani, ili anayezoa asubuhi ajue kwamba ya huyo si ya mfuko.

"Na nani atafunga hicho kitambaa?" aliuliza Nashilu.

"Anayepiga sindano," alisema Parsimei. Kilichomshangaza Nashilu ni kwamba alikuwa ameshachana shuka lake kuukuu vipande vipande, ameviweka mfukoni.

Siku ya kwenda Nkoaranga, Nashilu na Naisiae walikuwa wameshafunga khanga zao wakati kirikuu kilipofika. Parsimei akawapita, akafungua mlango wa mbele, akaketi na fimbo yake katikati ya magoti.

"Baba Lucky, unakwenda wapi?"

"Ng'ombe waliokosea ni wangu," alisema, akamwashiria Aristides aondoe gari. Nafasi ikiwa imekwisha, Naisiae alibaki kulinda boma, akiziba mdomo kwa khanga ili asicheke.

Walipita hospitali ya Nkoaranga, wakaacha gari mahali barabara ilipokwisha, wakashuka kwa miguu kwenye kinjia cha mteremko mkali kati ya migomba na kahawa, udongo mweusi ukiteleza kama sabuni. Parsimei alitembea akitazama kila kitu. Evaresta aliwapokea mlangoni, mama mnene wa Kimeru mwenye sauti ya kwaya. Jikoni kwake sufuria ya maharage ilichemka juu ya moto wa buluu, na ukuta nyuma ya jiko ulikuwa mweupe. Parsimei aliutazama ule ukuta kwanza. Ukuta mweupe jikoni hakuwahi kuuona. Kisha akainama, akanyoosha kiganja karibu na moto, akakirudisha haraka.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, shemeji. Karibu, maharage yanaiva," alisema Evaresta. "Mimi nina ng'ombe wawili tu wa kufungia ndani. Nasikia wewe una kundi zima na huna moto."

"Nina kundi," alisema Parsimei, "na nina sindano."

Evaresta alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Wakala ndizi na maharage, na wakati wa kujaza madumu Nashilu alipofungua mfundo wa khanga alikoweka fedha, mwenyeji wake alimshika mkono.

"Ukimpa jirani chachu ya mtindi, unamdai? Na hii ni hiyo hiyo. Ila moto ukiwaka, nipigie."

Madumu yalikuwa mazito na kinjia kilipanda wima. Aristides alibeba, Nashilu akabeba, na Parsimei akaweka moja begani. Katikati ya mteremko aliteleza, kizibo kikalegea, na tope la Evaresta likamchuruzika kwenye shuka kutoka begani mpaka gotini. Alisimama kidogo, akakaza kizibo, akaendelea kupanda. Mjini Arusha trafiki mmoja aliwasimamisha. Alichungulia dirishani, akavuta pumzi mara moja, akawapungia mkono waende.

Walipofika kitongojini jua lilikuwa bado juu, na wanaume walikuwa wamekaa palepale panapotazama njia. Parsimei alipita mbele yao na dumu begani.

"Parsimei," mmoja aliita, "siku hizi unabeba mavi?"

"Nabeba ya mke wangu," alijibu bila kusimama.

Nashilu alikuwa nyuma yake hatua chache. Aliyasikia maneno hayo, na alijua kwamba waliokaa pale wameyasikia pia, na kwamba kabla ya giza kuingia kitongoji kizima kitakuwa kimeyasikia. Aliinamisha uso zaidi ya kawaida yake, kana kwamba ameona kitu njiani.

Waliulisha mfuko upya. Asubuhi moja Naisiae alikuja akikimbia kumwita, na walipofika handakini waliona mabua yaliyofunika mfuko yamesogea yenyewe, yameteleza pembeni, na chini yake plastiki nyeusi imeinuka kidogo kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Aristides aliifungulia gesi ya kwanza ikaenda na upepo, akasema huwa haiwaki, isiwavunje moyo. Mfuko ukanywea, ukainuka tena. Aristides akarudi siku ya Ijumaa na jiko la chuma, bomba na valvu, akaviunga vyote jikoni. Akanusa, akapiga mfuko kwa kiganja, ukatoa sauti ya ngoma.

"Tujaribu?" aliuliza Naisiae.

"Tuuache ujae mpaka kesho," alisema Aristides. "Harufu imebadilika, hiyo ni dalili nzuri. Lakini siwezi kuwaapia. Utajua ukiwasha." Alikunja kamba aliyokuja nayo ya kufungia mfuko na kuiweka chini ya kiti cha kirikuu, mahali Nashilu asipoiona. Nashilu aliiona.

Jumamosi mabenchi yaliazimwa kanisani. Lucky alifika kutoka mjini kwa bodaboda na mkate mikononi. Wanawake walikuja na vikombe vyao, wale wa ng'ambo ya korongo nao wakaja, wakasimama pembeni wakijifanya wanapita. Ng'ombe mmoja tu zizini alikuwa na kitambaa chekundu mkiani, na samadi yake ilikuwa imesukumwa peke yake kwenye kona. Nashilu aliweka birika kubwa juu ya jiko lisilowaka bado, akalijaza maji. Kisha akafungua kibuyu cha jana. Mtindi ulikuwa umeganda, mzito, ukakataa kumiminika mpaka akapiga kitako cha kibuyu. Alimwonjesha Naisiae wa kwanza kabla ya wageni wote.

Parsimei alimsogelea akiwa na shuka safi.

"Mama Lucky, ule uji unaotoka upande wa pili. Mahindi yangu ya kule chini yamekuwa ya njano. Ningepata ndoo chache."

"Mkutano ukifunguliwa, nyoosha mkono uombe," alisema Nashilu. "Akina mama watakusikiliza."

Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kukaa benchi la mbele ili aonekane vizuri na mwenyekiti.

Mzee Abdiel alisimama. Alisema kabla ya jambo lolote tuombe, na watu wakainama. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa msitu wa mlimani na maji yake, kwa ng'ombe na kwa vyote vinavyotoka kwa ng'ombe. Akaingia kwenye viongozi wa nchi, mmoja baada ya mwingine, akawaombea hekima. Kando ya jiko Aristides alikuwa ameshika valvu kwa vidole viwili. Naisiae, ambaye Nashilu alikuwa amemkabidhi kiberiti mbele ya watu wote, alikuwa ameshachomoa njiti, anaishikilia kando ya kisanduku, anasubiri amina. Maombi yalivuka viongozi yakaingia kwa wagonjwa. Nashilu alifungua jicho moja, akalipitisha juu ya vichwa vyote vilivyoinama, mpaka kwenye mfuko wake uliovimba juani.